Upande wa Kushoto wa Tela

Mshangano, Songea
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba Neema,

Barua zote tulizofundishwa shuleni huanza kwa kuuliza hali. Nimeshika kalamu muda mrefu nikitafuta namna ya kukuuliza wewe hali, nikashindwa. Basi nitasema yangu. Mimi si mzima. Nakula, naoga, nafagia uwanja, wakinisalimu naitikia. Lakini si mzima, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia hivyo bila kuambiwa nimtegemee Mungu. Namtegemea. Ila namtegemea kama mtu anavyoegemea ukuta kwa sababu miguu imekataa.

Nakuandikia kwa sababu ya tela. Najua ungeliulizia hilo kwanza, hata kabla ya kumuulizia mama yako. Nimeamua jambo juu yake, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine atakayekuja huko. Nitaeleza kwa mpangilio. Unaijua tabia yangu. Ulikuwa ukiniona na daftari langu la kila siku, tarehe juu, mstari chini yake, unasema, "Andika na hilo, karani, wasije wakasema hatukuishi." Siku uliyoanguka niliandika tarehe, nikapiga mstari, na chini yake sikuandika kitu. Ukurasa ule uko vilevile.

Uliondoka mvua zikiwa zinaishia. Mahindi tumeshavuna, tumeshapukuchua, sasa ni vumbi na ule upepo wa baridi unaopenya madirishani. Neema amerudi bweni. Alilia siku mbili, halafu akaacha ghafla kama mtu aliyefunga bomba, na hilo ndilo linalonitisha. Mbwa wako bado analala pale tela linapoegeshwa. Au niseme, lilipokuwa likiegeshwa.

Nairudia ile asubuhi kila siku. Ulikuwa umeulaza chini mlango wa nyuma wa tela, magari yapandie, ukaukalia. Ukasema kichwa kinagonga. Nikakwambia kanywe maji. Ukasema, "Mama Neema, ngoja kwanza," halafu mdomo wako ukaenda upande. Hukusema tena neno lililoeleweka, si pale wala hospitali. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Nimekubali ya mshipa. Nisichojua hadi leo ni nilitakiwa ningoje nini.

Nitaandika mambo unayoyajua, nisamehe. Nikiyaandika nayashika.

Unakumbuka watu walivyotucheka ulipolileta lile bodi kuukuu la gari la mikate, likachomelewa juu ya chesisi ya tela? Jirani alisimama pale kwenye michongoma akasema, "Sasa huyu anajenga jeneza la gari." Ukamjibu bila kugeuka, "Ndiyo, lakini hili maiti wake hufufuka Dar." Kufikia masika yaliyofuata tulikuwa na jina mji mzima: Watu wa Boksi. Mtumishi akihamishwa, mwalimu au nesi, hataki gari lake jipya lipite milimani na vumbi na mawe, wala hataki likilala njiani liamke halina taa. Anaambiwa, nenda Mshangano, kawatafute Watu wa Boksi. Gari linaingia ndani, mlango unafungwa, linatoka kule kama lilivyoingia.

Na namna tulivyoliingiza. Kwanza tela lishikwe na pikapu, ndipo lipandishwe kitu. Ulimfukuza mteja mmoja aliyekuharakisha kwa hilo. Mawe kwenye matairi. Miguu ya chuma chini ya mkia, tela lisije likakaa kitako. Kisha mimi nyuma ya usukani, gia ya kwanza, na wewe ndani, unarudi kinyumenyume mbele ya gari na mikono yako miwili. "Njoo, njoo, njoo mama, kulia kidogo, njoo, usinitie hofu, njoo... hapo! Usipumue!" Lazima lifike kwenye alama yako ya chaki sakafuni. Likibaki nyuma sana tela linacheza mkia barabarani. Likienda mbele sana linaikalia pikapu. Nilizima, nikavuta breki ya mkono, nikatoka dirishani, maana ndani ya boksi mlango wa gari haufunguki, ukuta uko karibu. Tulikubaliana toka mwanzo kuwa mimi ndiye wa kuendesha. "Kitambi changu hakina leseni ya madirisha," ulisema. Ulinipokea mikononi kila mara kama gunia la mbegu, na kila mara ulijifanya mgongo umekatika.

Halafu mikanda. Wewe ulifunga upande wa kushoto, mimi wa kulia, tairi la mbele na la nyuma. Kwenye tairi, si kwenye bodi, ili gari lipumue juu ya springi zake lakini miguu isitoke mahali. Tukimaliza tulibadilishana. Mimi nakuja kushoto kukagua yako, wewe unakwenda kulia kukagua yangu. Hiyo ndiyo sheria uliyoiweka na hukuivunja hata siku tuliyonyeshewa: aliyefunga hakagui. Ulisema jicho la aliyefunga huona alichotaka kufanya, halioni alichofanya. Nilikuwa nikiuvuta mkanda wako kwa uzito wangu wote, nikisema, "Umeshika." Mara moja nilikuta mkanda umejipinda, wewe ukapiga kelele tela zima likaitikia, "Karani kanikamata!"

Ndivyo tulivyofanya kazi. Nilidhani naijua.

Siku chache baada ya kuanua matanga alikuja Mwalimu Sanga. Yule mstaafu wa sekondari, unamkumbuka, aliyenunua gari kwa kiinua mgongo na macho yakamsaliti kabla hajalizoea. Ulikuwa umemwahidi kumpelekea gari hilo kwao Njombe. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mzima yule. Mimi nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akasema, "Mama, ile ahadi ya marehemu najua imekwenda naye. Nimekuja tu kukusalimu." Nikamwambia haijaenda. Nilisema haraka, bila kufikiri. Nilipomaliza kusema nilijisikia, kwa mara ya kwanza toka tukuzike, kama mtu mwenye mahali pa kwenda kesho.

Hilo ndilo nataka ulielewe. Sikulichukua gari la Mwalimu kwa ushujaa. Nililichukua kwa sababu nilifikiri maadamu tela linatembea, kuna kitu chako bado kinatembea. Kama ningelifikisha gari lile Njombe salama, basi ningeendelea. Kama nisingelifikisha, sijui. Sikufika kwenye "kama nisingelifikisha."

Kasto alikubali kuendesha pikapu. Mdogo wako, mlamu wangu, amejitahidi, sina neno naye. Lakini siku ya kupakia alisimama mbele ya gari ndani ya boksi akanipungia mikono kama mtu anayeaga basi. "Njoo tu mlamu, njoo tu!" Njoo tu wapi? Nilisimama mara nyingi. Nilipofika kwenye chaki nilijua kwa kukisia, nikazima. Nikatoa miguu dirishani, na hapo nikakumbuka hakuna wa kunipokea. Kasto alikuwa ameshatoka nje ya tela, amegeuka anaangalia barabara. Unajua kwa nini. Majirani walikuwa michongomani, na unajua maneno yanayotoka mdogo mtu akionekana amemshika mjane wa kaka yake, kwamba amekuja kurithi. Kasto ana adabu. Nilijiangusha mwenyewe, nikachubuka kiwiko.

Adabu hiyohiyo ndiyo iliyotuponza. Boksi ni jembamba na lina giza. Mimi na Kasto tusingeweza kuwa ndani humo pamoja, tukipishana ubavu kwa ubavu na gari, huku watu wanatazama. Basi nikafunga kulia kwangu, kisha nikaenda nikafunga na kushoto kwako. Yeye alisimama pale mlangoni, akamulika tochi, akasema, "Iko safi mlamu, mikanda inalia kama gitaa." Hakuigusa. Nikaikagua mimi. Nilivuta niliyoifunga mwenyewe, nikasema kwa sauti, "Umeshika," kama vile nakuambia.

Ningeweza kutoka mimi nje, akaingia yeye. Jambo jepesi hivyo. Mtoto angelifikiria. Sisi wawili hatukulifikiria. Tulikuwa tumeshughulika na kuonekana watu wema.

Tulipotoka mjini tulisimama pale unaposimama wewe, maana mikanda hulegea gari likishatikisika. Nikaingia kwa kile kimlango cha ubavuni, nikagusa yote. Imekaza. Nikarudi. Madaba tulipita salama, watu wa barabarani wakatupungia kwa kulijua tela, mmoja akaita jina lako. Kasto akapiga honi badala ya kujibu. Namshukuru kwa hiyo honi.

Ilikuwa kwenye kona za Lukumburu, tunateremka. Mlio mmoja, kama mtu amelipiga bati teke kwa ndani. Halafu mwingine mzito zaidi, na tela likatuvuta kiuno upande. Kasto hakukanyaga breki ghafla, Mungu ambariki, alipunguza mwendo taratibu hadi pembeni. Nilifungua kimlango.

Mkanda wa mbele kushoto ulikuwa umelala sakafuni, mzima kabisa, na pete ya chuma ya sakafuni niliyoufungia bado imening'inia kwenye ndoano yake. Haukukatika mkanda. Pete ndiyo iliyong'oka, na kipande cha bati. Na gari, Baba Neema, gari lilikuwa limeangukia upande wangu. Mikanda yangu ya kulia ilikuwa imeshika barabara, kama ulivyonifundisha. Ndiyo iliyolivuta. Bila mwenzake wa kulizuia kushoto, mkanda wangu mzuri uliukokota uso wa gari hadi ukutani, ukalisaga pale kwa kila kona. Taa imepasuka. Kioo cha pembeni kimevunjika. Ubavu wa mbele umeingia ndani kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

Nilikaa palepale sakafuni. Kasto aliita kutoka nje, "Mlamu? Mlamu, umeumia?"

Mwalimu alitupokea Njombe akiwa amevaa koti lake la harusi, nadhani ni la harusi, na mkewe amepika. Tulipoulaza mlango wa nyuma chini alitazama ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makali. Nilitaka anitukane. Akanigeukia akasema, "Pole, mama. Gari ni bati." Akaniambia mimi pole. Wakatulazimisha tule. Nilikula ugali wa watu ambao nimewavunjia kitu chao.

Tuliporudi niliipeleka ile pete kwa Fundi Haule, kule Lizaboni, aliyekuchomelea tela. Aliigeuza mkononi mara moja tu.

"Ah, hii? Hii marehemu alishaistaafisha siku nyingi."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Aliniletea tela, nikamwambia weld ya chini imechoka, inabidi tulipindue tuchome upya. Akasema siku lisipokuwa na mzigo. Sasa lini halikuwa na mzigo? Akawa anapitisha mkanda kwenye boriti ya katikati, kule chini ya mpira wa sakafu. Hakukwambia?"

Nikamwambia aliniambia, nimesahau. Sikutaka akufikirie vibaya.

Nilirudi nyumbani nikaingia ndani ya boksi na tochi, nikaufunua ule mpira wa sakafu upande wa kushoto. Boriti iko pale. Imesuguliwa na mkanda mpaka chuma kinang'aa kama kijiko. Kwa miaka yote hiyo mkono wako ulikuwa ukipita pale chini ya mpira, ukiizunguka boriti, ukirudi juu. Na mimi nilikuwa nikija kukagua. Nilikuwa nauvuta mkanda, nasema umeshika. Sikuwahi kuuliza umeshika nini.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue na hilo, maana katika daftari nimeandika "nimechoka" na haikuwa kweli, nilikuwa na hasira. Nilipiga ule ukuta wa boksi kwa kiganja. Nilikuita jina lako la ubatizo, ambalo sijakuita toka tuoane. Nilisema, mtu unawezaje kufunga kitu kwa siri mbele ya macho ya mkeo, ukacheka naye, ukala naye, ukafa?

Halafu hasira ikaisha, na kilichokuja baada yake ni kibaya zaidi. Kwa sababu hukuficha. Nakujua. Kama ningekuuliza ungenionyesha palepale, ungepiga na magoti. Hukuniambia kwa sababu haikuwa na haja. Upande ule ulikuwa wako. Ulijua tu kwamba utakuwepo.

Na mimi nilijua hivyohivyo. Ndiyo maana sikuuliza.

Tangu hapo naogopa vitu. Ile nyumba tuliijenga wote, lakini paa ulipanda wewe. Kisima tulichimba wote, lakini uliyeshuka ni wewe. Natembea juu ya mambo yako, Baba Neema, na sijui ni lipi ulilizungushia boriti kimyakimya. Watu wananiambia, "Jipe moyo, unajua kazi, marehemu alikuacha na ujuzi." Ninajua nusu. Nusu ninayoijua ndiyo iliyolivuta gari ukutani.

Nilijaribu, usiseme sikujaribu. Fundi alichomelea pete mpya. Jumatatu moja niliingiza pikapu yetu wenyewe ndani ya boksi, tela limeshikwa na gari la Kasto, nikafunga kulia, nikafunga kushoto kwa njia yako, chini ya mpira, nikaizunguka boriti. Nilimwambia Kasto, "Leo ingia ukague, mimi nakaa nje, wacha waseme." Akaingia. Nikamsikia anavuta kila mmoja. Akatoka anafuta jasho akasema, "Mlamu, hapa hata uligeuze miguu juu halitoki." Alikuwa anasema kweli. Tulizunguka nalo hadi barabara ya Tunduru tukarudi, halikusogea hata kidogo.

Nami sikuamini. Njia nzima nilisikia ule mlio. Tulipofungua na kuona kila kitu kiko kwenye chaki, nilitafuta furaha ndani yangu kama mtu anayepapasa swichi gizani ndani ya nyumba ya watu. Haikuwepo. Nikaelewa kuwa nilichokosa si ujuzi. Kasto akisema umeshika, nasikia ni Kasto amesema. Wewe ukisema umeshika, nilikuwa nalala usingizi ndani ya pikapu hadi Makambako.

Wiki hiyohiyo alikuja nesi mmoja, amehamishiwa Iringa, kasikia habari zetu. Msichana mpole, ananiita mama. Nikamwambia tela ni bovu. Si bovu. Nikamwona anavuka barabara na viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi, nikajua kazi imekwisha.

Kasto ndiye aliyesema. Alisubiri tukiwa tunapakia mahindi kwenye magunia, mikono ina kazi, ili asinitazame. "Mlamu, usinielewe vibaya. Lile boksi bila kaka ni nyumba ya popo. Tulipeleke Lizaboni, pale karibu na Fundi, tulitoe matairi, tulikate dirisha. Uuze unga, mchele, maharage. Hata Neema akifunga shule ana mahali pa kukaa." Nikamwambia aniache. Siku ya pili nikamwambia aniache. Ya tatu sikusema kitu, na yeye kwa adabu yake akachukua ukimya wangu akaupeleka kwa Fundi.

Wamelitoa matairi jana, Jumamosi, kule Lizaboni.

Nilikuwepo. Sikutaka lifanyiwe hivyo bila mtu wa kwake. Waliinua mbele kwa jeki, wakaweka tofali, wakainua nyuma, wakaweka tofali. Kijana wa Fundi aliviringisha tairi la kwanza hadi kivulini akauliza wayaweke wapi. Fundi alikata dirisha pale ukutani, upande wa kulia, mahali lilipoumia; alisema ni heri akate palipokwisha kupinda. Cheche zikaruka, harufu ya chuma, watu wakasimama kutazama. Mama mmoja akaniuliza, "Dada, mtauza na mafuta ya taa?" Nikasema ndiyo, tutauza.

Walipoondoka kwenda kula niliingia ndani peke yangu. Kuna kitu sijawahi kukwambia, kwa sababu hakikuwa kitu. Tela likiwa kwenye matairi, mtu akikanyaga ndani, sakafu ilizama kidogo. Kidogo sana, kama kitanda mwenzio anapojigeuza. Nikiwa upande wangu nimeinamia tairi, sikuhitaji kukuona. Nilijua kwa miguu kwamba uko mbele, umehamia nyuma, umesimama unapumzika, umerudi. Jana nilisimama katikati nikakanyaga. Nikatembea hadi mbele, nikarudi hadi nyuma. Nikaruka, Baba Neema, mtu mzima, mjane, nikaruka ndani ya boksi kama mtoto. Halikutikisika. Limetulia kama sakafu ya kanisa. Mtu yeyote anaweza kusimama popote mle ndani sasa, na nisijue.

Nimekwambia. Hiyo ndiyo habari niliyoogopa uisikie kwingine.

Sina la kukufariji nalo. Mama yako anakula vizuri. Michongoma nimeipunguza. Kaburi lako limeanza kushika majani upande wa chini, nitakuja na jembe dogo katikati ya wiki, watu wakiwa mashambani, nifanye bila kusaidiwa.

Na lipo moja ninaloahidi, kwa kuwa mengine siyawezi. Neema anafunga shule mwezi ujao, na hajui. Anafikiri atakuta tela uwanjani, ameniandikia niuoshe ule mlango wa nyuma apate kukalia akisoma. Kasto amesema ataniletea mtoto kutoka stendi, na kwamba tumuache alione mwenyewe, atazoea. Hapana. Nitakwenda stendi mimi. Nitamshika mkono, nitamwambia kabla hatujaondoka pale, kwa mdomo wangu, nikimtazama: ni mimi niliyeshindwa, si baba yako. Akilia nitasimama naye hapohapo kati ya watu. Akinyamaza kama anavyonyamaza siku hizi, nitasimama naye hata hivyo. Sitamwacha mtoto wako alikute lile boksi kwenye tofali peke yake.

Kwaheri, mume wangu. Mchana umeingia, nimesikia kengele ya misa ya pili. Sijui mtu anamalizaje barua asiyotegemea jibu lake. Nitaandika jina langu tu.

Wako,
Mama Neema